Amri ya Sinia Moja

Hii si nchi yetu. Nchi yetu tunaijua sote, na kwetu kila mtu hula akashiba. Hii ni Shibeni, iliyoko ng'ambo ya milima ambayo hakuna aliyewahi kuivuka akarudi kusimulia, na mwenye kuona inafanana na kwake basi alaumu macho yake, asinilaumu mimi.

Huko Shibeni waliishi mke na mume, Mwanamvua na Mbaruku. Mwanamvua alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani kwake. Mbaruku alikuwa mtumishi wa serikali. Kazi yake ilikuwa kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara kila Mtukufu Mlezi wa Taifa alipotarajiwa kupita, na kuyapaka upya kila alipokosa kupita, ili mawe yasivunjike moyo. Binti yao wa pekee, Sikujua, alikuwa ameolewa mbali. Nyumbani walibaki wawili, mama Sikujua na baba Sikujua, wakiishi kwa masikilizano ya watu waliozoeana kasoro zao.

Kasoro kubwa ilikuwa mkono wa Mbaruku. Alikulia katika nyumba yenye wavulana wengi na chakula kichache, na mkono wake ulijifunza mapema kwamba anayepuliza tonge lipoe hulala na njaa. Mwanamvua alilelewa na bibi yake, wakiwa wawili tu, na kwao kula kulikuwa ni mazungumzo. Aliweza kukaa na tonge mkononi mpaka habari imalizike. Lakini jambo hilo halikuwahi kuleta neno, maana kila mtu alikuwa na sahani yake. Mbaruku alimaliza, akanawa, akajinyoosha mkekani. Mwanamvua akaendelea.

Kisha chakula kikaadimika Shibeni. Kiliadimika vipi, haikuelezwa. Mvua zilishitakiwa, na kwa kuwa hazikuwa na wakili zikapatikana na hatia. Nyumba zikaanza kuwaka moto. Waume walisema wake zao wanaficha nyama chini ya chungu. Wake walisema waume zao wanapitia mishikaki njiani, kisha wanakuja kumalizia hata hicho kidogo kilichobaki nyumbani. Mabaraza ya usuluhishi yakajaa watu walioburutana kwa ajili ya kichwa cha samaki, shingo ya kuku, ukoko wa wali. Bwana mmoja alidai talaka irudishwe kwa sababu mkewe aliondoka na mwiko.

Serikali, ambayo haikupenda kuona wananchi wakiteseka hadharani, iliunda tume. Tume ilikaa hotelini msimu mzima ikila na kutafakari, na ilipotoka ilikuwa na jibu. Chakula kipo cha kutosha. Tatizo ni sahani.

Waziri wa Sahani na Utulivu wa Ndoa, Mheshimiwa Daktari Bumunda, alikuja mwenyewe kwenye uwanja wa mtaa wa akina Mwanamvua kulifafanua jambo hilo.

"Ndugu wananchi," alisema, "mke na mume wakiwa na sahani mbili, hizo ni serikali mbili ndani ya nyumba moja. Huyu anachungulia ya yule, yule anachungulia ya huyu. Nauliza kwa uchungu mkubwa: taifa linaweza kujengwa kwa kuchunguliana?"

Watu wakajibu kwamba haliwezi, kwa kuwa gari la askari lilikuwa limeegeshwa karibu.

Basi sahani zikakusanywa nchi nzima. Zikachukuliwa za udongo, za bati, na zile za maua ambazo watu walizitunza kabatini wakisubiri mgeni wa maana. Hata vifuniko vya sufuria vilivyoshukiwa kutumika kama sahani vilichukuliwa. Kila ndoa ikapewa sinia moja la bati, na katikati ya sinia ilichorwa sura ya Mtukufu Mlezi akitabasamu. Maelekezo yalisema mke na mume wakila kwa upendo hadi mwisho, watamwona. Ukweli ni kwamba kwa jinsi chakula kilivyokuwa, alionekana kabla hawajanawa mikono.

Jioni ya kwanza Mwanamvua alipika ugali na dagaa, akaweka sinia mkekani, wakaketi kuelekeana. Alimega tonge lake, akalichovya, akaanza kumweleza mumewe habari ya mteja aliyetaka sare mbili zitoke kwenye kitambaa cha sare moja. Habari ilipofika mahali pazuri akashusha macho. Upande wa Mbaruku ulikuwa umekwisha, na mkono wake ulikuwa umeshavuka pua ya Mtukufu Mlezi ukija upande wa pili. Hakuwa na nia mbaya. Macho yake yalikuwa kwa mkewe, akitikisa kichwa kuonyesha anasikiliza. Ni mkono uliokuwa na safari zake.

Jioni ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Mwanamvua aliacha kusimulia habari, lakini hata kwa kunyamaza hakumweza. Akawa analala na tumbo linalonguruma, anaamka akitafuta jambo la kushika, anafumua mshono ambao haukuwa na kosa na kuushona tena. Barazani hakutulia, sindano ilikwenda, akili ilikuwa mkekani, inauona ule mkono.

Alijaribu kusema kwa mafumbo. Alimsimulia mumewe habari ya mke mmoja aliyekondeana mpaka pete ikamtoka kidoleni, na Mbaruku akasikitika kweli kweli, akauliza ni mke wa nani huyo na mumewe ni mtu wa namna gani. Alijaribu kuonja sana wakati wa kupika, lakini sheria ya sinia ilimruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya kidole kimoja tu, na siku moja Mbaruku aliinamia ugali, akaona umemegwa ubavuni.

"Mama Sikujua, mbona ugali huu una jeraha?"

"Umepasuka kwa moto."

"Moto una kucha siku hizi?"

Hapo ndipo walipogombana kwa mara ya kwanza tangu Sikujua alipoolewa. Mwanamvua alitoa yote: kwamba anakula matonge ya kuhesabika, kwamba amekuwa mtazamaji kwenye chakula alichokipika mwenyewe. Mbaruku alisema naye ana njaa, kwamba hata akimaliza sinia zima hashibi, na kwamba hajui afanye nini na mkono ambao mama yake mzazi alishindwa kuufundisha. Yote yalikuwa kweli, na kwa sababu yalikuwa kweli hayakusaidia. Walilala wamepeana migongo.

Kulipokucha Mwanamvua alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Bwana Songoro, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, aliyekuwa amekabidhiwa kusimamia upendo katika eneo lake. Bwana Songoro alimsikiliza kwa makini, akasema serikali ipo, akaahidi kuja jioni kuchunguza. Akaja kweli. Aliketi kati ya mke na mume, na mbele ya filimbi ile Mbaruku alikula kama bwana harusi anayetazamwa na wakwe, tonge dogo, kisha anasubiri. Bwana Songoro alitangaza kwamba ili apime kasi ya sinia lazima naye aingize mkono. Alipima hadi Mtukufu Mlezi akabaki peke yake anatabasamu. Kisha akanawa, akapuliza filimbi, akatoa hukumu kwamba ndoa hii haina tatizo ila mwanamke anachelewa.

Neno hilo lilipanda ngazi. Lilipofika wizarani lilikuwa limeota mbawa, na jibu lililorudi lilisomwa kwenye mkutano wa mtaa, Mwanamvua akiwa amesimamishwa mbele. Mwananchi anayekula polepole, lilisema, anarudisha nyuma gurudumu la taifa na kuwakatisha tamaa wanaokula kwa kasi. Hata hivyo serikali ni mzazi. Haitamwadhibu, itamsomesha.

Hivyo ndivyo fundi wa sare za shule alivyopelekwa shule. Chuo cha Wizara cha Kasi na Uzalendo kilikuwa nje ya mji, kwenye jengo lililokuwa ghala la mahindi enzi za mahindi. Alikuta huko wake wengine wengi na waume wachache, wote wembamba. Mkufunzi wao, Koplo Tindwa, mwanamke mstaafu wa jeshi mwenye sauti ya kufukuza ndege, aliwaarifu kwamba fungu la chakula cha mafunzo limeidhinishwa na liko njiani. Kwa sasa wangetumia mchanga.

Wakafundishwa kwa mchanga. Ulimwagiwa maji, ukawekwa kwenye sinia, kokoto zikawa ndizo nyama. Walijifunza kumega bila kutazama. Walijifunza kukinga sinia kwa kiwiko, kupitisha tonge chini ya mkono wa mwenzako, na mbinu ya mwewe, ambayo ni kuchukua nyama kabla bismillahi haijakauka mdomoni. Tonge likifika kinywani unalitupa nyuma ya bega na kusema, "Nimeshiba, ahsante Mtukufu Mlezi." Koplo Tindwa aliwaambia kwamba anayemshinda mwenzake kwenye mchanga hawezi kushindwa kwenye ugali. Mwanamvua, kwa hasira zake, aliwashinda wote. Katika kila tonge alilolifinya aliliona lile pande la ugali lililomponyoka nyumbani.

Mwezi ulipokwisha akarudi. Mbaruku alikuwa amefagia, tena amebandika maji mwenyewe, na alifurahi kumwona, ingawa hakujua aseme nini. Wakapika, wakaketi. Mbaruku akanyoosha mkono.

Hakukuwa na kitu. Alibaki mkono umening'inia juu ya bati, kama mtu aliyefika stesheni akakuta gari moshi limekwisha ondoka. Mwanamvua alikuwa anatafuna. Alikuwa hajawahi kula namna ile, tumbo likapokea na likakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu sahani zichukuliwe, naye akalala fofofo, bila kujigeuza.

Ushindi huo aliufaidi kwa siku chache. Alimtazama mumewe akiramba vidole vitupu na moyo wake ukasema, na wewe onja. Lakini Mbaruku hakulalamika, na hapo ndipo raha ilipoanza kumtoka. Angepiga kelele, angepata la kumjibu. Badala yake alianza kurudi kutoka kazini mapema na kukaa jikoni, mikono imewekwa juu ya magoti, akiangalia chungu. Suruali yake ilifungwa kwa kamba. Mawe aliyoyapaka yalitoka na mistari iliyopinda, na msimamizi wake akamwonya kwamba mkono unaotetemeka ni dalili ya upinzani.

Mwanamvua akashiba na bado akakosa utulivu. Sasa aliamka si kwa njaa, bali kwa kusikia tumbo la mwenzake likinguruma gizani.

Jioni moja Mbaruku aliuliza, macho yakiwa kwenye moto. "Wakati ule ulipokuwa hupati. Ulikuwa unajisikia hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kama mgeni. Kama mtu aliyekaribishwa ndani kwa adabu tu, na wenyewe wanangoja aondoke."

Mwanamvua alikoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Ndiyo," akasema. "Hivyo hivyo."

"Sikuwa najua, mama Sikujua."

"Najua hukuwa unajua."

Usiku huo walikubaliana kula kwa zamu, tonge langu, tonge lako. Mapatano yalidumu kwa matonge machache. Kisha mkono wa Mbaruku ukakumbuka utoto wake, mkono wa Mwanamvua ukamkumbuka Koplo Tindwa, na vidole vyao vikagongana katikati ya sinia, juu ya jino la dhahabu la Mtukufu Mlezi. Wote wawili wakairudisha mikono kwa aibu. Hakuna aliyecheka. Kilichobaki kikapoa pale, kila mmoja akimwogopa mwenzake na akijiogopa mwenyewe.

Wakati wakiwa katika hali hiyo, Bwana Songoro alikuja na habari iliyomfanya atembee kwa vidole. Siku ya Sinia ilikuwa inakaribia, sikukuu ya taifa, na Wizara ilikuwa imemchagua Mwanamvua, mhitimu bora wa Chuo, aonyeshe maendeleo yake mbele ya Mtukufu Mlezi. Angekula na mumewe, sinia moja, pilau. Mwanamvua alitakiwa ashinde. Mbaruku alitakiwa ashindwe kwa furaha. Balozi aliongeza, akiwa ameshusha sauti, kwamba mama akionekana kuzubaa huko juu watu wa Usalama watauliza alikuwa anafikiri nini, na watu wa Usalama wakiuliza huwa hawaulizi mara moja.

Siku ilipofika, wananchi waliamriwa kuwahi uwanjani alfajiri bila kupitia jikoni, ili wawe na hamu. Jua likapanda. Kwaya zikaimba, halaiki ikapanga umbo la mwiko. Mheshimiwa Bumunda akahutubia mpaka wazee wakaanza kuinamiana mabegani. Alisema Shibeni imeushangaza ulimwengu. Alisema kesi za ugomvi wa chakula zimekwisha kabisa tangu kuzungumzia ugomvi wa chakula kupigwe marufuku. Kila alipotua kuvuta pumzi, ilisikika sauti ndogo kutoka kwenye hema jeupe lililokuwa nyuma ya jukwaa, sauti ambayo watu walikuwa wameisahau: uma unagonga sahani.

Hatimaye sinia likaletwa. Lilikuwa la pilau ya mbuzi, limerundikwa, linafuka moshi, na harufu yake ikaenda uwanja mzima mpaka kwenye miti walikokaa waliokosa nafasi. Kipaza sauti kikawekwa karibu kabisa, ili taifa lisikie redioni jinsi mwananchi anavyotafuna.

Mwanamvua akanawa. Mbele yake Mbaruku aliketi, shati limempwaya, mikono imekunjwa pajani, akitabasamu kama alivyoagizwa. Tabasamu lilikuwa pale lakini koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Kwenye kiti chake cha juu, Mtukufu Mlezi aliinua kitambaa cheupe kuashiria mchezo uanze.

Mkono wa Mwanamvua uliondoka, ukafika kwenye nyama, ukasimama. Hakuwa mtu wa siasa. Wala hakuwa na mpango wowote. Ila alitazama ule umati uliokaa kimya ukimwangalia, akamtazama mumewe, na akaona kwamba ameketi mbele ya watu wenye njaa, anataka kula bila kusema neno, jambo ambalo bibi yake angemchapa kwa ajili yake. Likamtoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida ya mwanamke aliyeko kwake.

"Karibuni."

Vipaza sauti vyote vikalichukua neno lile, vikalipeleka hadi ukuta wa mwisho na kulirudisha.

Mtukufu Mlezi, ambaye alikuwa na malezi, alijibu kama mtu yeyote angejibu: "Starehe, mama." Lakini safu ya mbele kulikuwa na kikongwe mmoja ambaye hakusema starehe. Aliinuka, akamwagia maji ya kunywa mkono wake wa kulia, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Ahsante, mwanangu, tumekaribia," akavuka kamba. Askari aliyekuwa karibu alisita. Hakukuwa na kifungu cha kumzuia mtu aliyekaribishwa chakula. Na kabla hajakikumbuka kimoja, mkewe mwenyewe alikuwa ameshampita.

Watu wakakaribia. Pilau haikumaliza hata ubeti mmoja wa wimbo wa taifa, ambao bendi iliupiga kwa kuchanganyikiwa. Na kwa kuwa karibu iliyotamkwa haikutaja mpaka, watu wakaifuata ile sauti ya uma hadi nyuma ya jukwaa, wakainua pazia la hema. Ndani walikuwamo wajumbe wa tume, wakurugenzi na mabalozi wa nchi rafiki, kila mmoja na sahani yake, kubwa, ya maua. Mwanamke mmoja akaitambua ya kwake.

Katika mshikemshike huo Mbaruku alimshika mkewe mkono, wakapenya ubavuni. Mwanamvua alikuwa amefumbata pilau kwenye pindo la kanga bila kukumbuka aliichota lini. Mkono wa Mbaruku nao ulikuwa umefanya mambo yake: ndani ya shati lake, ubaridi umemkaa tumboni, zilikuwamo sahani mbili.

Hawajafika nyumbani, gari la matangazo lilikuwa tayari linazunguka mitaani. Liliwapongeza wananchi kwa sherehe iliyofana kuliko zote. Likaeleza kwamba wageni walioonekana na sahani walikuwa wakichunguza kitaalamu madhara yake, na kwa kujitolea mno. Likamalizia kwamba vielelezo kadhaa vya uchunguzi huo vimepotea, kwa hiyo nyumba zote zitapekuliwa, kuanzia mtaa wa yule mama.

Walifunga mlango. Jua lilikuwa bado halijazama na mwanga uliingia kwa dirisha la pembeni ukaangukia mkekani. Mbaruku, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpakulia mtu, aliweka sahani mbili chini, akafungua kanga, akaanza kugawa. Aligawa vibaya. Aliongeza hapa, akapunguza kule, akaichukua punje iliyoanguka, na mkono wake ukasita juu ya pande moja la nyama lenye mfupa mpaka alipoliweka kwenye sahani ya mkewe na kuisukuma mbali haraka, kabla hajaghairi.

Chake alikimaliza mara moja. Mwanamvua alikuwa kwenye tonge la pili filimbi ya Bwana Songoro iliposikika mwanzo wa kichochoro, na buti nyuma yake. Wakaanza kugonga nyumba ya kwanza, kisha ya jirani. Akatazama sahani yake iliyojaa. Alijua namna ya kuimaliza kabla hawajafika. Alikuwa amesomeshwa kwa hilo, na kiwiko chake tayari kilikuwa kimejikunja.

Mlango ukagongwa. Bwana Songoro akaita kwa heshima kwamba serikali iko hapa.

Mbaruku alimwangalia mkewe, akaona lile bega lililoinuka, lile shavu lililokwisha kujaa. Akainuka. Akaenda mlangoni, akaketi chini, akaubana mgongo wake kwenye mbao na nyayo zake kwenye sakafu.

"Tafuna," akamwambia. "Kula kwa nafasi yako, mama Sikujua. Mimi niko hapa."

Walipiga tena, safari hii kwa bega la mtu mzito, na mbao zikamsukuma naye akazirudisha. Mwanamvua alimeza kilichokuwa kinywani. Akakishusha kiwiko, akaushika ule mfupa kwa vidole viwili, akaugeuza upande wenye nyama, akaanza kula polepole.